KUMBE! Kwa nini jibu hukujia ukiwa umeacha kulitafuta

UMEKAA na swali moja la hesabu tangu saa mbili usiku. Umejaribu fomula zote ulizofunzwa, karatasi imejaa michoro na namba ulizozifuta, na bado jibu lako halifanani na lile lililochapishwa nyuma ya kitabu. Saa nne unakifunga kitabu kwa hasira, unajiambia kwamba hesabu si za ukoo wenu, kisha unalala.

Asubuhi, mswaki ungali mdomoni, jibu linakuja. Hukuliita. Hukuwa hata unaliwazia. Lakini sasa unaliona lote, mwanzo hadi mwisho, na unashangaa jana ulikuwa na macho gani. Neno linalokutoka ni moja tu: Kumbe!

Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno hilo. Kwa silabi mbili, mtu anatangaza mambo matatu kwa mpigo: kwamba kuna jambo hakulijua, kwamba sasa amelijua, na kwamba lenyewe lilikuwapo pale pale wakati wote. Wanasaikolojia wamekuwa wakichunguza tukio hilo kwa zaidi ya miaka 100. Waliyoyagundua yanamhusu kila kijana aliyewahi kujiita mjinga kwa sababu swali lilimlemea, kwani wengi wetu huacha kujaribu tukidhani tuko mbali na jibu, ilhali pengine tumelikaribia.

Kabla hatujaendelea, jaribu hili. Nakupa maneno matatu: tamaa, kiu, tiketi. Kuna kitenzi kimoja kinachoweza kutangulia kila mojawapo ya maneno hayo na maana ikapatikana. Ni kipi? Ukikipata, vizuri. Usipokipata, usiruke hadi mwisho. Soma tu, tutakutana nacho.

Sokwe na vijiti viwili

Mwishoni mwa 1913, mwanasaikolojia Mjerumani, Wolfgang Köhler, aliwasili katika kisiwa cha Tenerife, kilicho baharini kaskazini magharibi mwa Afrika, kusimamia kituo cha kuchunguza sokwe. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka mwaka uliofuata na safari ya kurudi nyumbani ikawa ndoto. Alikaa huko hadi 1920.

Sokwe wake maarufu zaidi aliitwa Sultan. Siku moja Sultan aliwekewa ndizi nje ya kizimba, mbali kiasi kwamba mkono wake haungeifikia. Ndani alikuwa na vijiti viwili vya mwanzi vilivyo wazi katikati, kimoja chembamba kuliko kingine. Kila kimoja kilikuwa kifupi mno. Kwa zaidi ya saa moja alijaribu hiki, akajaribu kile, akakisukuma kimoja kwa kingine hadi kikagusa ndizi, lakini hakuweza kuivuta. Mwishowe akakata tamaa, akaenda kukaa juu ya sanduku.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Akiwa amekaa tu, akivichezea vile vijiti bila haja yoyote, ilitokea akavishika vikawa vimelingana katika mstari mmoja. Akakiingiza chembamba ndani ya kinene. Papo hapo aliruka, akakimbilia nondo za kizimba, akaivuta ndizi kwa kijiti chake kipya kirefu.

Köhler alisema hilo halikuwa suala la kubahatisha kidogo kidogo mpaka ikawezekana. Kwa maoni yake, Sultan aliona jinsi vitu vyote vinavyohusiana: kijiti, kijiti kingine, umbali na ndizi. Alipoliona hilo, kazi iliisha.

Lakini kuna sehemu ya pili ambayo watu wengi hawaisimulii. Mnamo 1945 mtafiti Herbert Birch aliwapa sokwe wasio na uzoefu wa vijiti mtihani wa aina hiyo hiyo. Wengi wao walishindwa. Kisha akawaachia vijiti wavichezee kwa siku tatu, bila kuwafunza lolote. Waliporudishwa kwenye mtihani, wakaweza. Kwa maneno mengine, jibu linaweza kuja ghafla, lakini haliji kwenye kichwa kitupu. Ni lazima kuwe na vijiti ambavyo umewahi kuvishika.

Kukwama si ujinga

Kwa nini basi tunakwama? Mjerumani mwingine, Karl Duncker, alikuwa na jaribio rahisi. Unapewa mshumaa, kibiriti na boksi lililojaa pini za kubandikia karatasi. Kazi yako ni kuusimamisha mshumaa ukutani. Watu wengi hujaribu kuupigilia mshumaa wenyewe kwa pini, au kuugandisha kwa nta iliyoyeyuka, na unaanguka.

Jibu ni kumwaga pini, kulibandika boksi ukutani kwa pini hizo, kisha kuusimamisha mshumaa juu yake. Ajabu ni kwamba boksi lilipoletwa likiwa tupu, pini zikiwa kando, watu wengi zaidi walifaulu. Vifaa ni vile vile na watu wana akili zile zile. Tofauti ni kwamba boksi lenye pini linaonekana kuwa chombo cha kuwekea pini na basi. Jicho likishalipa kitu kazi moja, ni vigumu kukipa nyingine.

Hapa Kenya tunaishi katikati ya watu waliovuka kizuizi hicho. Aliyeutazama mkebe wa mafuta ya kupikia akaona kipimo cha mahindi ndiye aliyetupa gorogoro. Aliyeliangalia gurudumu lililochakaa akaona ndala za akala hakuwa na vifaa ambavyo wenzake walivikosa. Mafundi wa jua kali wanafanya hivyo kila siku, ingawa hakuna anayewapa cheti cha saikolojia.

Naye Mmarekani Norman Maier, mnamo 1931, alichapisha jaribio la kamba mbili zilizoning'inia kutoka darini. Ulitakiwa kuzifunga pamoja, lakini ukiishika moja, nyingine huifikii. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa chumbani kulikuwa na koleo. Suluhu mojawapo ni kulifunga koleo kwenye kamba moja, kuibembeza, kisha kuishika nyingine na kuisubiri ile inayobembea ikujie.

Watu walipokwama, Maier alipita karibu na kamba akaigusa kidogo kana kwamba ni kwa bahati mbaya, ikayumba. Wengi wakapata jibu muda mfupi baadaye. Walipoulizwa lilitoka wapi, wachache tu ndio waliotaja kamba iliyoyumba. Walisema liliwajia tu. Kidokezo kilikuwa kimeingia kichwani bila kubisha hodi.

Je, ni ghafla kweli?

Unaweza kusema: labda jibu huwa linakaribia polepole na sisi hatutambui. Mnamo 1987, Janet Metcalfe na David Wiebe waliamua kulipima jambo hilo. Waliwapa watu maswali ya aljebra na mafumbo, wakawataka waeleze kila baada ya sekunde 15 wanahisi wako karibu kiasi gani na jibu. Ni kama ule mchezo wa watoto wa kutafuta kitu kilichofichwa, unaambiwa "baridi, baridi, moto, moto!"

Kwenye aljebra, joto lilipanda hatua kwa hatua. Mtu alihisi anakaribia na kweli alikuwa anakaribia. Kwenye mafumbo, mambo yalikuwa tofauti. Baridi, baridi, baridi, kisha jibu.

Ningependa kijana yeyote anayejiandaa kwa mtihani akitafakari kipande hicho mara mbili. Kwa maswali ya aina hii, hisia kwamba uko mbali na jibu si ushahidi kwamba uko mbali. Unaweza kuhisi baridi kali na kumbe umebakisha sekunde 10. Yule anayejiambia "mimi si mtu wa hesabu" anatumia kipimajoto ambacho, katika hali hii, hakisomi chochote.

Ubongo nao una ushahidi wake. Mnamo 2004, kundi la watafiti wa Marekani, wakiwemo Mark Jung-Beeman na John Kounios, lilipima ubongo wa watu waliokuwa wakitegua mafumbo ya maneno matatu kama lile nililokupa. Mtu alipopata jibu kwa ghafla, kulitokea mlipuko mfupi wa mawimbi ya kasi upande wa kulia wa ubongo, eneo lililo juu kidogo ya sikio, takriban theluthi moja ya sekunde kabla hajabonyeza kitufe kuonyesha amepata. Kabla ya mlipuko huo kulikuwa na ishara nyingine upande wa nyuma, ambayo watafiti waliifasiri kuwa ubongo unapunguza kwa muda mambo yanayoingia kupitia macho.

Si ajabu basi kwamba mtu anayewaza sana huangalia dari au hufumba macho. Mwalimu anayekufokea "unaangalia nini huko juu?" huenda anakukatiza wakati mbaya kabisa.

Basi la Poincaré na usingizi wako

Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alisimulia jinsi alivyohangaika na tatizo kubwa la hesabu, kisha akaenda safari na kuliweka kando. Alipokuwa akipanda basi la farasi katika mji wa Coutances, mguu wake ukigusa kidato tu, wazo likamjia likiwa kamili. Aliendelea na mazungumzo yake garini, na alipofika nyumbani akakaa kulihakiki. Lilikuwa sawa.

Mnamo 1926, Mwingereza Graham Wallas alizipanga safari za aina hii katika hatua nne: kujiandaa, kuacha wazo litulie, kupata mwangaza, na kuhakiki. Tunaoipenda ni ile ya tatu. Tunaoisahau ni ya kwanza na ya nne.

Hatua ya pili, ya kuacha, si hadithi tu. Mnamo 2004, watafiti wa Ujerumani, Ullrich Wagner na Jan Born wakiwa miongoni mwao, waliwapa watu zoezi refu la namba. Ndani ya zoezi hilo kulifichwa njia ya mkato ambayo hawakuambiwa. Walifanya mazoezi kidogo, kisha wengine wakalala saa nane na wengine wakakaa macho kwa muda huo huo. Waliporudi kwenye zoezi, waliolala walioigundua njia ya mkato walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliokesha.

Kumbuka hilo usiku wa kuamkia mtihani, wakati mabweni mazima yanakesha na tochi chini ya blanketi.

Lakini ngoja. Hii si ruhusa ya kulala kabla ya kusoma. Wale waliolala walikuwa wameshafanya zoezi kwanza. Poincaré alikuwa ameshahangaika. Sultan alikuwa ametoka jasho kwa saa nzima. Kulala bila kuhangaika na swali ni kulala tu.

Jibu la kupewa na jibu la kupata

Siku hizi kuna jaribu jipya. Unapiga picha ya swali kwa simu, na kabla hujapiga chafya, programu imekumwagia hatua zote. Unazinakili, unasema "nimeshika," unaendelea. Wiki moja baadaye swali lile lile linarudi likiwa limebadilishwa namba mbili, na unalitazama kama mgeni.

Kuna sababu. Mnamo 2013, Amory Danek na wenzake nchini Ujerumani waliwaonyesha watu video za viinimacho, wakawataka wagundue siri ya kila kimoja. Baada ya wiki mbili waliwauliza wanakumbuka nini. Siri walizozigundua kwa "kumbe" zilikumbukwa vizuri kuliko zile walizozifikia bila hisia hiyo. Furaha ile ya ghafla inaonekana kusaidia jambo ligande kichwani. Anayekupa jibu mapema, awe mwenzako au simu, anakunyang'anya gundi.

Max Wertheimer, mwenzake Köhler, aliwahi kueleza darasa moja ambapo wanafunzi walifunzwa kutafuta eneo la umbo la pande nne lililoinama. Unachora mstari hapa, unazidisha na hapa, unapata. Wote walifanya vizuri. Kisha akaliweka umbo lile lile likiwa limesimama kwa upande mwingine, na wengi wakatatizika. Jibu la mmoja lilikuwa kwamba hawajafunzwa hilo. Walikuwa na njia, hawakuwa wameona kwa nini njia inafanya kazi.

Linganisha na hadithi inayosimuliwa kuhusu Carl Friedrich Gauss akiwa mtoto, mwalimu alipowaambia wajumlishe namba zote kuanzia 1 hadi 100. Wenzake walianza 1 na 2 ni 3, na 3 ni 6. Yeye aliziangalia kutoka ncha zote mbili. Moja na 100 ni 101. Mbili na 99 ni 101. Tatu na 98 ni 101. Kuna jozi 50 za namna hiyo, kwa hivyo jibu ni 5,050. Huenda hadithi yenyewe imetiwa chumvi kadiri miaka inavyopita, lakini hesabu yake haina chumvi. Ukishaiona mara moja, hutaihitaji fomula tena, na ukiisahau fomula unaweza kuiunda upya mwenyewe.

Kumbe ya uongo

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, maana hapa ndipo vijana wengi wanaumia.

Hisia ya "kumbe" ni tamu, na utamu huo unatufanya tuamini. Kwa mafumbo yenye jibu moja, utafiti wa Carola Salvi na wenzake uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba majibu yaliyokuja kwa ghafla yalikuwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko yale ya hatua kwa hatua. Vizuri. Lakini mnamo 2020, watafiti wakiongozwa na Ruben Laukkonen waliwapa watu sentensi zenye dai fulani, neno moja likiwa limevurugwa herufi. Mtu alipolipanga neno hilo na kupata ile hisia ya "ahaa", alielekea kuliona dai lote kuwa la kweli zaidi, hata pale lilipokuwa la uongo. Furaha ya kutegua neno ilimwagikia dai ambalo halikuihusu.

Jaribu mwenyewe. Tuseme gugumaji linaongezeka maradufu kila siku, na litaifunika ghuba yote ya ziwa siku ya 30. Nusu ya ghuba itafunikwa siku ya ngapi? Kama 15 imekurukia, umeionja kumbe ya uongo. Ikiwa linaongezeka maradufu kila siku, basi siku moja kabla ya kujaa, ghuba ilikuwa nusu. Ni siku ya 29.

Sasa mwazie kijana mbele ya simu yake usiku, anafuatilia matokeo ya kamari. Nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyekundu, nyeusi. Moyo unamruka. Kumbe kuna mpangilio! Ameugundua, wengine hawajauona. Anaweka karo. Lakini mzunguko wa mchezo kama huo haukumbuki uliotangulia, na akili ya binadamu hupenda mpangilio kiasi kwamba huuona hata pasipo nao. Hisia aliyoipata ni ile ile ya Poincaré kwenye kidato cha basi. Tofauti ni kwamba Poincaré alifika nyumbani, akakaa, akahakiki.

Ndivyo pia unavyonaswa na ujumbe wa mtandaoni unaoanza "hawataki ujue hili", unaokupa vipande vitatu na kukuachia uunganishe mwenyewe. Ukiviunganisha, unahisi umegundua. Kumbe uligunduliwa.

Ukikwama, fanya hivi

Kwanza, hangaika kwa dhati. Liandike swali upya kwa maneno yako na ujiulize: ni nini ninachokichukulia kuwa lazima, ilhali swali halikusema?

Pili, likikataa, liache na ufanye jambo lisilokula akili. Teka maji, fua, tembea. Kufungua video fupi hakuhesabiki, kwa sababu kunakijaza kichwa upya. Kwenye chumba cha mtihani, karatasi ya hesabu ya KCSE ina saa mbili na nusu. Ruka swali lililokushinda, fanya mengine, rudi. Hujakimbia, umelipa nafasi.

Tatu, lala.

Nne, ukiomba msaada, omba kidokezo kabla ya kuomba jibu. Mwambie mwenzako, "niguse kamba tu."

Tano, likikujia, furahi, kisha lihakiki kana kwamba limeletwa na mtu usiyemwamini. Hasa kama kuna pesa ndani yake.

Wazee wetu walilijua hili bila mashine za kupima ubongo. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Hakuna mtegaji aliyekupa jibu papo hapo. Ulijaribu, ukakosea, wenzako wakacheka, ukajaribu tena. Ukishindwa kabisa, uliombwa mji. "Nipe mji!" Ulimpa Mombasa au Kisumu, akajitapa nao kidogo, ndipo akasema: yai. Nawe, uliyekuwa umehangaika mpaka ukalipa mji mzima, ulitoa sauti moja tu. Na kitendawili hicho hukukisahau tena.

Tamaa, kiu, tiketi? Kata. Unakata tamaa, unakata kiu, unakata tiketi. Na kama hukulipata, rudi juu umtazame tena Sultan kabla hajaenda kukaa kwenye sanduku lake. Nilikuwa nimekugusia kamba.